Bunia–Tchomia: mkanda mmoja wa mpira kati ya abiria na mteremko wa Bogoro

Ukizungumzia barabara ya Bunia kwenda Tchomia, watu wa Ituri watakutajia kwanza wenye silaha, kisha vizuizi, kisha matope ya msimu wa mvua. Wana haki. Lakini barabara hiyo ya takriban kilomita 60 ina hatari nyingine ambayo haitangazwi na msemaji yeyote wa jeshi wala shirika la kiraia, nayo inasafiri ndani ya gari lenyewe: mkanda wa mpira unaozunguka mbele ya injini, ule ambao mafundi wa Bunia wanauita kwa Kifaransa courroie. Bei yake huhesabiwa kwa dola chache, si kwa mamia. Hata hivyo ni mara chache mtu hufungua boneti kuuangalia kabla ya gari kujaa abiria, magunia na ndoo za samaki.

Kazi ya mkanda huo ni rahisi kueleza. Injini inapozunguka, nguvu yake haiendi kwenye magurudumu peke yake. Sehemu ndogo inachukuliwa na mkanda na kupelekwa kwenye mitambo mingine: pampu inayosukuma maji ya kupoza injini, feni, alternata inayochaji betri, na kwa magari mengi pampu inayorahisisha usukani. Mkanda ukikatika, injini haizimi papo hapo, na hapo ndipo udanganyifu ulipo. Gari linaendelea kwenda, dereva anaendelea kukanyaga mafuta, na mambo yanaanza kuharibika moja baada ya jingine bila kelele kubwa.

Kwa nini barabara hii na si nyingine? Jibu liko kwenye ramani. Bunia iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Albert liko kwenye mita 619 hivi. Kati ya hizo mbili kuna ukingo wa bonde la ufa: gari linapita Bogoro, linashuka ukingo, linafika uwanda wa Kasenyi, kisha linafuata ziwa hadi Tchomia, katika usultani wa Bahema Banywagi, eneo la Djugu. Asubuhi linashuka na bidhaa za dukani, saruji, mafuta na bia. Mchana au kesho yake linapanda na samaki. Kila upande una namna yake ya kumwadhibu mwenye mkanda mbovu.

Kushuka ni suala la breki

Madereva wengi wanajua kwamba mkanda ukikatika injini itachemka. Wachache wanajua kwamba katika baadhi ya magari ya dizeli wanayoyaendesha kila siku, mkanda huo huo ndio unaozipa breki msaada.

Gari la petroli hupata msaada wa breki kutokana na injini yenyewe inavyovuta hewa. Dizeli haina mvuto huo, kwa hiyo inahitaji pampu yake ya kuvuta hewa. Katika Hilux na Hiace za zamani zenye injini za 2L, 3L na 5L, Toyota iliifunga pampu hiyo mgongoni mwa alternata. Alternata inazungushwa na mkanda. Mkanda ukienda, alternata inasimama. Alternata ikisimama, pampu inasimama. Na pampu ikisimama, breki zinabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Breki bado zipo, kwa sababu mafuta yake hayajamwagika, lakini zinahitaji nguvu ya mguu ambayo dereva mwenye abiria kumi na tano na mzigo juu ya paa hakujiandaa kuitoa, tena katikati ya kona.

Hapo ndipo taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri inapaswa kumwokoa. Mkanda ukikatika, taa hiyo huwaka mara moja. Kwa mtu wa mjini, maana yake ni kwamba betri haichaji na kesho ataamkia kusukuma gari. Kwa dereva wa dizeli za aina hii anayeshuka kuelekea Kasenyi, maana yake ni nyingine kabisa: simama sasa, ungali na breki, kwa gia ndogo na breki ya mkono, kabla mteremko haujakuamulia. Tatizo ni kwamba katika magari mengi ya zamani taa hiyo ilikufa miaka mingi iliyopita, au inawaka wakati wote kwa sababu ya waya mbovu na dereva amezoea kutoiangalia. Wengine huzima injini kabisa kwenye mteremko ili kuokoa mafuta, jambo linaloondoa msaada wa breki hata mkanda ukiwa mzima. Lita moja haijawahi kuwa na thamani hiyo.

Kupanda ni suala la moto

Kurudi Bunia, hesabu inageuka. Gari limejaa samaki, na samaki hawasubiri. Kapiteni na tilapia waliotolewa majini alfajiri wanatakiwa wafike soko la Bunia kabla jua halijawaharibu. Hata wale wa kukaushwa na wa chumvi wana wamama wanaowasubiri na madeni ya kulipa. Injini inapanda zaidi ya mita 600 kwa gia ya kwanza na ya pili, polepole, na upepo mdogo wa mbele. Katika hali hiyo kupoza kunategemea pampu ya maji na feni kuliko wakati mwingine wowote.

Mkanda uliolegea hautoi dalili kubwa kwenye uwanda. Unateleza kidogo, unapiga mlio, dereva anaongeza sauti ya redio. Kwenye mpando, kuteleza huko kunatosha kupunguza maji yanayozunguka, na joto linaongeza ugumu wa mpira, na mpira mgumu unateleza zaidi. Mkanda ukikatika kabisa, injini iliyobeba mzigo kwenye mlima inaweza kuchemka kwa dakika chache. Dereva akilazimisha kufika juu, anaunguza gasket ya kichwa cha injini au kupinda kichwa chenyewe. Hapo kipande cha dola chache kinageuka deni la miezi, na gari linalala garajini huku familia mbili, ya mwenye gari na ya dereva, zikikosa chakula.

Mahali pa kuharibikiwa

Kwingineko, gari kuharibika njiani ni usumbufu. Hapa mahali lilipoharibikia ni sehemu ya hatari. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na gavana wake ni Luteni Jenerali Johnny Luboya N'Kashama. Tangu wakati huo wanamgambo wa CODECO hawajatoweka Djugu, ADF wameendelea kuua upande wa Irumu na Mambasa, na mwaka 2025 kundi jipya la Thomas Lubanga, CRP, liliongeza mapigano na FARDC. Jeshi la Uganda, ambalo liko katika operesheni ya pamoja na FARDC tangu tarehe 30 Novemba 2021, nalo limepeleka wanajeshi Ituri. Bogoro lenyewe ni jina lililosomwa mbele ya majaji wa La Haye kwa sababu ya mauaji ya tarehe 24 Februari 2003. Kati ya vijiji na vituo vya jeshi kuna vipande vya njia ambavyo kila abiria anaomba gari lisisimame.

Yale yaliyotokea kwenye barabara ya kitaifa namba 4, kusini zaidi, yanaonyesha ubaya wake. Huko magari yalianza kusafiri kwa misafara chini ya ulinzi wa jeshi, na hata hivyo msafara ulishambuliwa Ofaye tarehe 1 Septemba 2021. Ikiwa gari lililo ndani ya msafara haliko salama, lililoachwa nyuma liko wapi? Msafara una mwendo wake na saa zake. Hausubiri mtu anayekata mpira wa ndani wa tairi vipande vipande ili aufunge badala ya mkanda uliokatika.

Na vipande hivyo vya mpira, ambavyo kila dereva mzee anajua kuvifunga, vinaweza kukufikisha kijiji cha karibu. Havikufikishi juu ya mlima. Vinavutika, vinateleza, na mara nyingi havizungushi alternata kwa nguvu ya kutosha kurudisha breki. Afadhali mkanda wa akiba chini ya kiti, pamoja na funguo za kuufungia. Wapo madereva wanaotunza ule wa zamani walioubadilisha ungali na uhai, na hiyo ni akili nzuri kuliko kuutupa.

Nani anaulipia?

Fundi yeyote wa Bunia anaweza kuutambua mkanda uliochoka kwa kuutazama mara moja. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni mtu ambaye uangalizi huo ni kazi yake na hasara yake.

Magari mengi ya abiria na mizigo hapa yanafanya kazi kwa versement. Mwenye gari anabaki mjini, dereva anamletea kiasi kilichokubaliwa kila siku au kila wiki, na kinachobaki baada ya mafuta na vizuizi ndicho chakula cha dereva. Katika mpango huo, uharibifu mkubwa ni wa mwenye gari na gharama ndogo za njiani ni za dereva. Mkanda unaangukia katikati. Haujakatika, kwa hiyo mwenye gari anasema bado unafaa. Dereva akiununua kwa pesa yake, anapunguza chakula cha nyumbani kwake ili kutengeneza mali ya mtu mwingine, mali ambayo wiki ijayo inaweza kupewa dereva mwingine. Kwa hiyo wote wawili wanangoja. Anayebeba hatari ya kungoja huko ni dereva pamoja na abiria, ambao hawakuulizwa.

Njiani nako hakuna anayeuliza. Kanuni ya barabara ya Congo, sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ndiyo msingi unaotumika hadi leo, na karatasi ya ukaguzi wa kiufundi ni miongoni mwa zile anazoombwa dereva pamoja na leseni, bima na vinyeti. Lakini karatasi inaonyeshwa kwa dirisha. Boneti inabaki imefungwa. Dereva anayetoka Tchomia anaweza kusimamishwa mara nyingi kabla ya kuona nyumba za kwanza za Bunia, na kila kizuizi kikawa na swali lake kuhusu pesa, bila hata kimoja kuuliza habari ya injini.

Ni haki kusema kwamba hata ukaguzi wa kweli haumalizi tatizo. Uingereza ina ukaguzi wa kila mwaka unaoitwa MOT, unaoheshimiwa sana, na serikali yake inasema wazi kwamba hauangalii hali ya injini. Mkanda ni jambo la mwenye gari na dereva wake, duniani kote. Tofauti ni kwamba kule, ukikatika, mtu hupiga simu na kungoja gari la kuvuta.

Dakika tano kabla ya kupakia

Uangalizi wenyewe hauhitaji mashine. Injini iwe imezimwa na imepoa, ufunguo uwe mfukoni mwa yule anayeingiza mkono. Vidole vimepotea kwa sababu mtu mwingine alidhani anasaidia kuwasha. Taa ya simu inatosha. Mkanda uangaliwe upande wa ndani, ule unaogusa puli, kwa kuupindua kwa vidole, kwa sababu mgongo wake unaweza kuonekana mpya wakati tumbo limekwisha.

Mipasuko midogo inayokatiza upana wake ni dalili ya kwanza. Kanuni ya kawaida ya mafundi ni kwamba mipasuko mitatu au zaidi ndani ya urefu wa sentimita 8 inatosha kuutoa. Kingo zilizochanika nyuzi, meno yaliyomeguka, sehemu iliyolowa mafuta ya injini, au uso unaong'aa kama kioo: kila kimoja peke yake ni sababu ya kutosafiri nao mlimani. Lakini mikanda bapa ya kisasa yenye mifereji midogo imetengenezwa kwa mpira wa aina mpya ambao haupasuki kirahisi. Unalika polepole kama tairi, na mtu anayetafuta mipasuko atasema mzima. Huo uangaliwe kina cha mifereji yake: mifereji ikipanuka na mkanda ukazama ndani ya puli, umekwisha hata kama ni laini na mweusi.

Kwa mikanda ya zamani yenye umbo la V, kama ile ya 1HZ, mgongo wa mkanda unapaswa kuwa karibu sawa na ukingo wa puli. Ukizama hadi kugusa chini, hauna tena mahali pa kushikia, na chini ya puli utaona chuma kinang'aa. Gari lenye mikanda miwili sambamba libadilishiwe yote miwili kwa pamoja. Mpya ukiwekwa pembeni ya mzee, mpya unabeba kazi yote peke yake.

Kisha ukazaji. Kwa mkanda usio na kikazio cha kujiendesha, kidole gumba kikibonyeza katikati ya sehemu ndefu zaidi, mkanda ushuke kama sentimita moja. Ukishuka sana utateleza. Ukiwa mgumu kama waya, fundi amejihami kupita kiasi na sasa anaua beringi za alternata na za pampu ya maji. Mkanda mpya wa umbo la V hulegea baada ya safari ya kwanza na unapaswa kukazwa tena, hatua ambayo husahauliwa mara nyingi kuliko zote.

Mlio nao una lugha yake. Injini ikiwa inatembea polepole, nyunyiza maji kidogo kwenye mkanda ukiwa mbali nao. Mlio ukizidi, mkanda umelegea. Mlio ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, kuna uwezekano puli hazijanyooka. Dawa za kupaka zinazouzwa kuondoa mlio zinanyamazisha shahidi tu. Vumbi jekundu la barabara hii ni adui mwingine: linaingia kwenye mifereji na kusugua mpira na chuma kwa pamoja, ndiyo maana mkanda unaodumu miaka huko Japani hauwezi kupewa muda huo huo Ituri.

Ule usioonekana

Kuna mkanda wa pili, uliofichwa nyuma ya kifuniko, unaopanga mwendo wa valvu na pistoni. Probox yenye injini ya 1NZ haina, inatumia mnyororo. Lakini 1HZ na ndugu zake wa dizeli wanao, na ukikatika, pistoni zinagonga valvu na injini inakufa pale pale. Toyota iliweka kwenye baadhi ya magari hayo taa iliyoandikwa T-BELT, inayowaka kilomita 100,000 zikitimia. Taa hiyo haiuoni mkanda. Inahesabu kilomita tu, na hesabu inaweza kurudishwa nyuma. Gari lililotumika Japani, likapita Mombasa na Uganda, likabadilisha wenye mara tatu kabla ya kufika Bunia, linakuja bila historia. Anayelinunua ana njia moja ya uhakika, kubadilisha mkanda huo mwanzoni na kuandika tarehe na kilomita kwa rangi ndani ya boneti, mahali ambapo dereva ajaye ataziona.

Suala la nani alipe linaweza kutatuliwa bila kungoja Kinshasa. Wenye magari na madereva wanaweza kukubaliana kwamba mikanda inatoka kwenye versement, si kwenye mfuko wa dereva, na kwamba wa akiba ni mali ya gari kama vile tairi la akiba. Chama cha madereva ACCO, ambacho kinajua kusimamisha magari wakati wa kudai vizuizi vipunguzwe, kinaweza kudai pia kwamba gari la Tchomia lisipange foleni ya kupakia kabla boneti haijafunguliwa. Abiria nao wana sauti. Mama mwenye ndoo nne za samaki, aliyekwisha kulipa nauli yake na ya mzigo, ana haki kamili ya kumwambia dereva afungue aone, hata kama hajui jina la kitu chochote kilicho humo ndani. Mpira uliopasuka unaonekana na kila mwenye macho.